Ukurasa wa Pili Usimsomee Mama

4 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Pokea salamu za nyumba nzima, yaani za watu wawili na paka asiye na shukrani. Mama hajambo. Jana alimrudisha muuza samaki mlangoni kwa kunusa tu, akamwambia samaki wake wamekufa mara mbili. Jicho la kushoto sasa halioni hata mwanga wa dirisha, la kulia linaona vivuli, lakini mwiko hajamwachia mtu. Anapakua kwa kupapasa, mkono mmoja kwenye sahani na mwingine kwenye sufuria, na ole wako useme umeshiba.

Anasema barua zako zimekuwa fupi. Kwa kuwa mimi ndiye msomaji wake, lawama nazipata mimi, kana kwamba nayala maneno kabla hayajamfikia.

Nimekutumia kifurushi kingine cha mikate mikavu, ile ya vipande inayorudi tanurini mara ya pili. Safari hii nimetia iliki. Kile cha Desemba hukusema hata kama kilifika. Kula, mdogo wangu. Shemeji yangu alikuchukua hapa ukiwa mwembamba, tukanyamaza, lakini kwenye picha uliyotuma naona mifupa ya mabega tu. Mwambie aandike barua ya maelezo.

Na kabla hujanirudishia maneno: ndiyo, mimi pia nimepungua. Suruali zinanikimbia. Nimechukua ule mkanda wa baba uliokuwa ukining'inia nyuma ya mlango wa stoo, maana tayari una matundu ya ziada. Wateja wananitania kwamba naoka mikate minene na mimi nakonda. Mtu akisimama mbele ya tanuri miaka ishirini na mbili lazima ayeyuke kidogo.

Usinipigie simu. Mashine ya kukandia imenimaliza masikio, na kwenye simu naitikia "ndiyo, ndiyo" hata ukiniuliza mama yuko wapi. Andika.

Kaka yako,
Tanuri

27 Februari

Kaka Tanuri, shikamoo. Na mama umpe shikamoo yangu mkononi, umshike kabisa, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Sisi tupo. Shemeji yako bado anapaka rangi nyumba za watu, na yetu haijawahi kuona brashi. Karakanani tumeongezwa kazi, sare za shule tatu kwa mpigo, cherehani kumi na nne zinalia kutwa nzima. Msimamizi wetu ananipa kola peke yake kwa sababu anasema hakuna mwingine anayeweza kukunja pembe ya kola ikakaa. Mama atafurahi kusikia hilo, yeye ndiye aliyenifundisha kwenye mito ya viti. Mwambie pia kwamba nimejifunza kupika maharage yake, ila hayafiki yake.

Mikate imefika. Iliki imenukia mpaka ngazini.

Sasa chukua karatasi ya pili. Huu ni ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili usimsomee mama.

Mwaka jana nilianguka kwenye cherehani. Sikuwaambia. Sindano ilipita kidoleni na sikusikia maumivu, nilikuwa nimeshazimia. Wakasema damu imepungua, wakanipa vidonge vya kuongeza damu, nikavimeza mwaka mzima na damu haikupanda. Zile mimba mbili zilizotoka, mnazijua. Tumbo kujaa, kuharisha, vidonda mdomoni, nywele kubaki kwenye kitana, hayo sikumwambia mtu kwa sababu niliona ndivyo nilivyo.

Mwezi uliopita nikakutana na daktari mpya, mwanamke, mdogo kwangu. Hakuandika kitu. Aliniuliza tu: "Nyumbani kwenu mnakula nini?" Nikamjibu kwa majivuno: "Mkate. Sisi ni watu wa tanuri." Akanipima damu, halafu akanimezesha mpira mwembamba wenye kamera, wakakata vipande vidogo vya utumbo. Ugonjwa unaitwa siliaki. Kuna kitu ndani ya ngano kinaitwa gluteni, ndicho kinachofanya kinyunya chako kivutike. Kwangu mimi kikifika tumboni, mwili unakiona adui, unapigana nacho, na katika kupigana unajibomoa wenyewe. Daktari alinionyesha picha. Utumbo wa mtu mwenye afya una vinyweleo kama taulo jipya. Wangu ni taulo lililonyonyoka nyuzi zote, limebaki kitambaa. Chakula kinapita juu yake na kwenda zake.

Dawa hakuna. Ni kuacha ngano, shayiri na rai, ile nafaka ya nchi za baridi, maisha yote, mpaka chembe. Chembe, Kaka. Kisu kilichokata mkate hakiruhusiwi kukata nyanya yangu.

Mikate yako ya Desemba niliila yote, na wiki ile ndiyo niliyolala chini ya meza karakanani. Hii ya sasa nimempa jirani. Hiyo sentensi nimeifuta mara tatu kabla ya kuiacha.

Jambo ninalotaka ni moja. Daktari amesema ugonjwa huu unatembea katika ukoo. Ndugu wa tumbo moja wanatakiwa wapimwe hata kama hawaumwi. Ni damu kidogo tu ya mkononi. Usiache mkate kabla ya kipimo, ukiacha damu itanyamaza na ugonjwa hautaonekana. Nenda, Kaka. Umeandika kuhusu mkanda ukadhani sijasoma.

Mdogo wako,
Sindano

30 Machi

Mdogo wangu,

Nimechelewa, lawama nazikubali. Mama hajambo, mguu tu unamsumbua baridi ikizidi. Paka ameiba nyama na hajaomba radhi. Bi Mizani, yule anayepima vinyunya, anakusalimu sana, anasema tangu uondoke hakuna wa kumcheka anapoimba.

Ukurasa wa kwanza nimemsomea mama. Ile habari ya kola nimeirudia mara mbili kwa amri yake. Halafu akauliza: "Ndiyo hiyo tu?" Nikamwambia ndiyo hiyo tu. Akanyoosha mkono, nikampa barua, akaikunja vizuri na kuiweka kifuani. Hukunifikiria hata kidogo uliponipa mzigo huo.

Pole sana kwa ugonjwa. Nasema hivyo kwa moyo wangu wote, na usiku... basi. Pole sana.

Lakini mengine hapana. Baba alikula mkate toka hajaota meno. Mimi hivyo hivyo. Unajua sheria ya tanuri letu: mkate wa kwanza kutoka hauuzwi. Mwokaji anaukata akiwa amesimama kaunta, mbele ya wateja, na anaula. Baba alikuwa akiwaambia, "Kama mimi siuli, wewe nitakuuziaje?" Watu wa mtaa huu wamekuja kuniangalia nikitafuna kwa miaka ishirini na mbili. Sasa niende nikapimwe, niambiwe mkate ni sumu, kisha nirudi niwauzie kwa uso gani?

Daktari wako ni mdogo, amesoma kitabu kipya. Madaktari wakisoma kitabu kipya kila mtu anakuwa na ugonjwa wa kitabu hicho. Wewe fuata anavyosema, wewe umeanguka. Mimi nimesimama.

Kaka yako,
Tanuri

15 Aprili

Kaka Tanuri, shikamoo.

Mama apate salamu hizi za kwanza: tumemaliza sare za shule moja, na nilipita mtaani nikawaona watoto wamezivaa, kola zote zimekaa. Shemeji yako anakohoa kidogo kwa ajili ya rangi, si kitu. Jikoni kwetu nimeweka chungu changu, mwiko wangu na ubao wangu, nimevifunga uzi mwekundu ili asisahau. Mwambie mama tumehamia kwenye usafi wa hali ya juu, atacheka.

Ukurasa wa pili.

Mimi sipendi kugombana kwa barua, mtu anakuwa na mwezi mzima wa kungoja jibu na hasira inachacha. Kwa hiyo nakukumbusha tu, sikuambii kitu.

Unakumbuka mwaka wa mwisho wa baba. Walisema vidonda vya tumbo, baadaye wakasema uchovu wa mwili, baadaye hawakusema kitu. Alikuwa hawezi kutafuna, midomo imejaa vidonda. Wewe ulikuwa unatoa mkate laini kuliko yote, unautoa maganda kwa mkono, ndani peupe tu. Mama anaulowesha kwenye maziwa ndani ya lile bakuli la bati la bluu, lenye ukingo uliobanduka. Anamlisha kijiko kwa kijiko, asubuhi, mchana na jioni. Na mimi nilikuwa nashika taulo chini ya kidevu chake. Watatu sisi. Kadiri alivyozidi kukonda ndivyo tulivyozidi kumlisha.

Nikifika hapo kalamu inasimama. Sitaki kuandika ninachofikiria, na wewe usikiandike.

Nakuomba unijibu swali moja. Mkanda wa baba una matundu matatu aliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari. La tatu alilitoboa wiki tatu kabla hatujamzika. Wewe uko tundu la ngapi?

Sindano

20 Mei

Mdogo wangu Sindano,

Habari za huko? Huku mvua, kuni zimelowa, tanuri linakohoa kama shemeji. Mama anauliza uzi mwekundu ni wa nini, nikamwambia ni mapambo. Akasema tangu lini ulipenda mapambo.

Sitaki ukurasa wa pili leo. Leo kuna furaha, nayo yote inasomeka.

Fungua kifurushi kwanza, halafu urudi kwenye barua. Umefungua? Huo ni mkate, na hauna hata punje ya ngano. Nimeutafuta kwa wiki tatu. Wa kwanza ulikuwa unga wa mchele mtupu, ukatoka kama tofali, Bi Mizani akaomba apewe akaegemeze mlango. Wa pili nikachanganya unga wa muhogo, ukawa gundi. Kinyunya kisichovutika ni kiburi sana, mdogo wangu. Unakanda hakikujali, unakisubiri hakiumuki. Nikatia mayai, nikaongeza maji ya moto, nikaacha kukanda, nikawa napiga kama uji mzito. Wa tisa ukaumuka. Si sana, kidole kimoja, lakini uliumuka, na Bi Mizani aliita watu waje kuuona.

Kila kitu nimefanya kwa heshima. Nimenunua mchele mpya, nimeusaga mwenyewe, nimeosha sufuria mara tatu. Nikapaka kopo mafuta, nikanyunyiza unga kidogo usishike kama kawaida yetu, nikautia, nikausimamia mwenyewe mpaka ulipoiva. Umetoka koponi mzima, haukuacha hata kona.

Baba angeuona angesema si mkate. Halafu angekula nusu.

Uandike upesi uniambie ulivyo. Nimeuonja pembeni tu, sikutaka kukupunguzia.

Kaka yako,
Tanuri

11 Juni

Kaka, shikamoo.

Mkate umefika, nao ni mtamu sana. Mungu akubariki. Mama asalimiwe. Mkono unauma kidogo kwa kazi, nitaandika zaidi siku nyingine.

S.

2 Julai

Mdogo wangu,

Barua gani hiyo ya mistari mitatu? Na herufi zile si zako. Yaani ni zako, lakini zimeandikwa na mtu anayelala chali. Mimi ndiye niliyekushika mkono kukufundisha kuandika, "m" yako huwa na miguu mitatu, hizi zina miwili.

Mama alipoisikia aliuliza, "Anakula huyo?"

Hujasema mkate ulikuwaje. Mtamu sana si jibu, mtamu sana ndiyo wanayosema wateja wasiorudi. Ulishika? Ulivunjika ulipoukata? Ulikula na nini? Kuna nini?

Tanuri

24 Julai

Kaka yangu,

Mama umwambie nimepona mafua. Hiyo ndiyo salamu yake, ukurasa wake wa kwanza ni huo mstari mmoja, unisamehe.

Nilitaka kukudanganya, na nimekudanganya mara moja. Sasa nimechoka, na shemeji yako ameniambia nisipoandika ataandika yeye, na yeye hana adabu ya kalamu.

Nilifungua kifurushi kwanza kama ulivyosema. Ulikuwa umeufunga kwa karatasi zile za kahawia za kaunta, na harufu yake ilikuwa ya nyumbani, Kaka, nilikuwa sijanusa mkate wangu mwenyewe miezi minne. Nilikata vipande vinne nikala nimesimama, kama wewe. Nililia. Ulikuwa mtamu kweli, hapo sikudanganya. Siku ya pili nikala tena, asubuhi na jioni. Barua niliipitia juu juu, nilitaka tu kufika mahali unapomtaja baba.

Siku ya tatu maumivu yakaanza. Sitakuandikia yote. Nimelala wiki tatu, mbili kati ya hizo ni hospitalini na sindano ya maji mkononi. Ile barua fupi niliiandikia kitandani. Daktari akaniuliza nimekula nini, nikamjibu, "Mkate wa kaka yangu, hauna ngano." Akasema, "Soma tena alivyoandika." Nikaisoma sentensi kwa sentensi.

Unga ulionyunyiza kwenye kopo, Kaka. Ulikuwa unga gani?

Sikulaumu. Nasema kweli tupu, na kama ningekuwa karibu ningekushika uso nikuambie. Najua hukunyunyiza wewe, ulionyunyiza ni mkono wako. Umeingiza mkono kwenye debe lile lile lililo kulia kwa meza miaka ishirini na mbili bila kuangalia. Mimi pia nikikaa kwenye cherehani mguu unakanyaga kabla sijafikiri.

Kazini kola wamempa mwingine kwa sasa.

Bado hujanijibu la mkanda.

Sindano

9 Septemba

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako niliisomea stoo, nimekaa juu ya gunia, na nilipoinuka nilikuta nyuma ya suruali nzima ni nyeupe. Kila kitu hapa ni cheupe. Nyusi zangu, makunjo ya shingo, kikombe changu cha chai. Nilikaa nikatazama debe lililo kulia kwa meza. Nilijaribu kukumbuka nilipotia mkono siku ile, sikukumbuka. Mara tisa nilioka mkate wako, na mara zote tisa lazima nilinyunyiza. Nilikulisha kwa upendo wote nilio nao, nikakulaza hospitali. Naomba radhi. Nimeandika neno hilo moja, sina kubwa kuliko hilo.

Kesho yake sikula mkate wa kwanza. Niliukata, nikashindwa kuupeleka mdomoni, wateja wakiangalia. Bi Mizani akautwaa mkononi mwangu akala yeye, akasema, "Mzuri huu," na foleni ikaendelea. Alasiri nikaenda hospitali. Mkate nilikuwa nimekula hadi jana yake, kwa hiyo damu ilisema, na ilisema kwa sauti. Wakanipitisha mpira. Yule daktari, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alinionyesha picha, na kabla hajafungua mdomo nikamwambia, "Taulo lililonyonyoka." Akauliza nimesomea wapi.

Uliniuliza tundu la ngapi. Mwezi wa nne nilikuwa la pili. Sasa niko la tatu.

Anasema nimechelewa lakini nimefika. Ameniambia pia kwamba kuacha kula hakutoshi. Unga unaopepea naumeza kila ninapovuta pumzi. Tanuri nimemwachia Bi Mizani tangu tarehe mosi. Mimi nakaa nyumbani na mama, mchana kutwa, kama watu wawili waliosubirishwa mahali.

Sasa nisikilize. Ilibidi nimwambie mama kwa nini siendi kazini. Nikaanza kutengeneza maneno. Akanikatisha: "Nenda kaniletee barua zote za mdogo wako." Nikampa zile zenyewe, alizokuwa akizikunja na kuziweka. Akaipapasa moja, akatenganisha karatasi mbili kwa kucha. Akasema, "Macho ndiyo yameniisha, vidole ninavyo. Toka barua ya mwezi wa pili unanisomea karatasi moja na mkononi nashika mbili. Leo nisomee ya pili."

Nikasoma. Ya Februari yote. Nilipofika ile ya Aprili nilitaka kuruka, akasema, "Umevuta pumzi. Usiruke." Nikasoma na ile, mdogo wangu. Bakuli, maziwa, kijiko kwa kijiko, taulo chini ya kidevu. Sauti yangu ilikuwa inatoka mbali.

Maji yaliyokuwa jikoni yakachemka na kukauka. Kisha akauliza, "Ugonjwa huu unatoka kwa nani?" Nikasema hawajui. Akasema, "Barua inasema unatembea katika ukoo. Upande wangu hakuna aliyekufa mwembamba."

Nikamwambia baba alikuwa na lake. Nikamwambia vidonda vya tumbo, madaktari walisema. Nilizungumza sana. Akaniacha nimalize, akasema taratibu: "Alikuwa ananiambia basi, mke wangu, inatosha. Anageuza uso ukutani. Na mimi namgeuza tena kwa mkono huu. Namwambia, kimoja tu, kimoja cha mwisho."

Hakulia. Afadhali angelia.

Asubuhi bakuli la bluu halikuwa kabatini. Sikuuliza. Lakini hilo silo ninalokuandikia. Ninalokuandikia ni kwamba toka siku hiyo mama hapakui. Mwiko ameuweka mezani upande wangu. Napika wali, viazi, mboga, kila kitu safi, chungu kipya kabisa, nimekifunga uzi mwekundu kama wako. Namwambia mama, nipakulie. Anakaa na mikono mapajani. Jana nilimwomba kwa kumbembeleza, nikasema leo nasikia njaa ya mkono wako. Akaniambia, "Pakua mwenyewe, mwanangu. Huu mkono siuamini tena."

Na yeye mwenyewe anakula kidogo. Vijiko vitatu, vinne, halafu anasukuma sahani. Mimi siwezi kumwambia kimoja tu, cha mwisho. Siwezi kutamka hayo maneno.

Nimejaribu kila njia ninayoijua na zimeniishia. Mimi nikimwomba anisaidie anasikia nampoza tu. Wewe uliumizwa na mkono wa mtu aliyekupenda, ukaniandikia kwamba hunilaumu. Sijui kama nimeamini bado, lakini nimelala kidogo tangu niisome. Yeye hana wa kumwandikia hivyo. Aliyepaswa kumwandikia tulimzika.

Kaka yako,
Tanuri

21 Septemba

Kaka, shikamoo.

Barua hii haina ukurasa wa pili. Msomee mama yote.

Nimeomba ruhusa kazini, nakuja Jumamosi ya kwanza ya Oktoba na basi la asubuhi. Safari nzima sitakula kitu, sitaweza kuamini chakula cha njiani. Mwambie nakuja kwake na njaa, na asimruhusu mtu mwingine ashike mwiko.

Sindano